Namba Zilizopigwa Pasi

Siku niliyosifiwa mbele ya vituo kumi na tisa ndiyo siku niliyotamani barafu ipasuke inimeze, na kwa mahali nilipokuwa, hiyo haikuwa dua ngumu kujibiwa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, saa ya baraza. Kila siku saa hiyo vituo vyote vya ukanda wa barafu wa kusini mwa dunia hufungua redio kwa pamoja. Kimoja kinasoma vipimo vyake, vingine vinasikiliza. Asubuhi hiyo, kabla hatujaanza kusoma, Dakta Tumsifu Mlay, mkuu wetu aliyekuwa makao makuu Tanga, aliomba dakika moja.

"Kwa msimu wa tatu mfululizo," akasema, "kituo kinachoaminika kuliko vyote ni Kituo cha Saba. Asilimia tisini na sita. Mpima barafu wake ni Severini Kagaruki. Hongera sana, ndugu yangu. Na nyie wengine, igeni."

Makofi yakaja kutoka pande zote za bahari, yamekwaruzwa na redio. Mimi ni Mhaya, na wenzangu hawachoki kunitania kwamba sifa kwetu ni chakula cha pili baada ya ndizi. Siku nyingine ningeongeza na langu. Siku hiyo nilisema asante tu, masikio yakiniwaka moto ndani ya kofia ya manyoya.

Kisha akaingia Nahodha Bwanaheri wa meli ya *Shakwe*, iliyokuwa ikizunguka kubadilisha wafanyakazi wa vituo.

"Bwana Severini, nami nakushukuru mapema. Nina watu thelathini na wanane na injini moja nzima. Ya pili imenifia juzi. Dhoruba iko nyuma yangu, na Mkeka unasema barafu mbele ya kituo chako ina unene wa mita moja na sabini. Nitaiingiza meli humo kesho asubuhi, nijifiche mpaka ipite. Barafu ya unene huo, mawimbi yanaishia mlangoni."

"Karibu, nahodha," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Karibu.

*

Mkeka ni jina tuliloupa mtambo wa utabiri. Umeigawa bahari yote ya kusini vipande vya mraba, na kwa kila kipande unabashiri unene wa barafu, joto, upepo na mvuke. Kila asubuhi kabla sijatoka unaniletea kisio chake kwenye kishikwambi: leo utapima kiasi hiki. Mimi natoka, napima, narudisha jibu. Jibu likiwa karibu na kisio, Mkeka unalipokea, unayachanganya mawili hayo na kupata picha mpya. Likiwa mbali, unalitupa, na uaminifu wa kituo unashuka. Ukishuka chini ya hamsini, kituo kinafungwa. Si ukatili. Kuna vifaa vibovu huku, na mtambo lazima ujilinde na uongo. Tatizo ni kwamba hauwezi kumtofautisha mwongo na mtu aliyeona jambo jipya.

Baada ya baraza nilibeba keekee na tepu, nikashuka kutoka kwenye mwamba wetu hadi kwenye barafu. Jua la Oktoba lilikuwa juu, jeupe, halina joto lolote. Nilitoboa matundu kumi na mawili, moja kila baada ya hatua hamsini, kama nilivyofanya kila siku kwa miaka mitatu. Unatumbukiza tepu yenye kijiti cha chuma mwishoni, kijiti kinajilaza chini ya barafu, unavuta, unasoma. Kazi ya dakika mbili kwa tundu. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuifanya, na pengine angeifanya vizuri kuliko mimi.

Kisio cha Mkeka kilikuwa mita moja na sentimita sabini na moja. Wastani wa matundu yangu ulikuwa sentimita tisini na nne.

Nitaeleza ilivyoanza, ingawa maelezo hayanisafishi. Mwezi wangu wa kwanza nilipima mita moja na ishirini, Mkeka ukakisia mita moja na arobaini na tano. Nikatuma ukweli, ukatupwa. Nikatuma tena kesho yake, ukatupwa. Uaminifu wa kituo ulishuka hadi hamsini na nane. Kituo cha Kumi na Nne kilikuwa kimefungwa mwezi huohuo kwa sababu hiyo, na wapimaji wake wakarudishwa nyumbani vichwa chini. Mpimaji niliyempokea kazi, kabla hajapanda meli, alinivuta pembeni akaniambia, "Ukiona Mkeka unakukataa, ipige namba pasi kidogo. Sentimita tano tu, ikae sawa." Kila mpima barafu analijua neno hilo. Hakuna aliyewahi kulitamka barazani.

Basi nikapiga pasi. Sentimita tano, kisha kumi. Nilijiambia kwamba nausaidia Mkeka unielewe polepole. Lakini Mkeka ulitengeneza kisio cha kesho kutokana na kipimo changu cha leo. Nikiongeza kumi leo, kesho unakisia juu zaidi, nami inanibidi niongeze kumi na tano ili nisitupwe. Kwa miaka mitatu nilikuwa najibu swali ambalo nililiuliza mwenyewe, na kila nilipolijibu nilipewa alama za juu.

Asubuhi hiyo, nikiwa nimepiga magoti kando ya tundu la kumi na mbili, niliwafikiria watu thelathini na wanane, nikaandika sentimita tisini na nne, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla sijasimama. *Kipimo kimetupwa. Kiko mbali na historia ya kituo. Tafadhali kagua kifaa.*

Nilituma tena. Kikatupwa. Nilitoboa tundu jingine, nikapiga picha ya tepu, nikatuma na picha. Mkeka hausomi picha. Mara ya tano ukaniandikia kwa adabu kwamba, kwa kuheshimu rekodi nzuri ya Bwana Kagaruki, kosa hili halitahesabiwa.

Nililia pale. Machozi yanaganda haraka huko, hivyo hata kulia nilishindwa kukumaliza vizuri.

*

Tulikuwa wawili tu kwenye Kituo cha Saba. Mwenzangu alikuwa Mwanamvua Shekue, mpima hewa, Mzigua wa Handeni, mwanamke aliyenizidi miaka kumi na subira mara mia. Kazi yake ilikuwa kurusha maputo, moja asubuhi na moja jioni, yapande yakituma habari za upepo, joto na unyevu mpaka yapasuke. Nilimkuta mezani amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, kihisi cha unyevu kimefunguliwa mbele yake kama saa kwa fundi.

"Mdogo wangu, njoo uniazime macho," akasema. "Kidude hiki kimenishinda. Wiki nzima maputo yananiambia huku chini kuna mvuke kama jikoni. Mkeka unayakataa, nao una haki. Bahari imefunikwa na barafu ya mita moja na sabini, mvuke utoke wapi?"

 Nilikuwa najua unatoka wapi. Maji ya bahari chini ya barafu yana joto kuliko hewa ya juu, na barafu ndiyo kifuniko cha sufuria. Kikiwa kinene, joto linabaki chini. Kikiwa chembamba na kina nyufa, joto na mvuke vinapanda, na dhoruba ikipita hapo inakula ikashiba. Mkeka uliamini kifuniko changu ni kinene, kwa hiyo ulitabiri dhoruba yenye njaa, upepo wa kilomita themanini kwa saa. Maputo ya Mwanamvua yalikuwa yanapiga kelele kwamba chakula kipo tele.

"Nimebadilisha betri," akaendelea, "nimebadilisha waya, nimekisafisha na spiriti. Mikono yangu imezeeka, ndiyo hiyo. Leo nawaandikia Tanga barua ya tano ya kuomba radhi tangu nije huku."

"Dada," nikasema, "kihisi chako ni kizima."

"Umejuaje, hata hujakitazama?"

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, nguo za nje bado mwilini, theluji ikiyeyuka kutoka kwenye viatu vyangu na kulowesha sakafu aliyoideki asubuhi. Nilimwambia yote, na tisini na nne.

Hakupiga kelele. Alikifunga kile kihisi, skrubu moja baada ya nyingine, zote sita, ndipo akavua miwani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na mimi nikiwa hapahapa."

"Ukiwa hapahapa, dada."

"Barua ya nne ulinisahihishia wewe," akasema taratibu. "Nilikuletea uisome. Ukaniambia pale nilipoandika samahani niongeze *sana*."

Nilikuwa nimeisahau barua ile. Naapa nilikuwa nimeisahau, na kusahau kwenyewe kulinitia aibu kuliko barua. Nilivuta kiti nikakaa bila kukaribishwa.

Sasa nakiri jambo baya zaidi. Nilipokaa tu, akili yangu ilianza kutafuta mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Naweza kumpigia nahodha peke yake. Nimwambie ufa mkubwa umetokea, asije. Meli itapona, na kituo kitabaki na jina lake."

"Atakwenda wapi?"

"Atabaki nje, kaskazini. Apambane nayo huko."

"Apambane na themanini aliyotabiriwa," akasema Mwanamvua. "Severini, hii dhoruba sasa inakula kwako. Nimepiga hesabu kichwani hapa ukiwa unaongea. Haipungui mia na thelathini. Kwa injini moja? Utakuwa umemtoa kwenye shimo ukamsukumia kisimani. Ili Mkeka upige hesabu upya, lazima wajue barafu ni nyembamba, na imekuwa nyembamba kwa muda gani. Na hawatajua mpaka waambiwe ni kwa nini hawakujua."

"Nikisema, watakifuta kituo kizima. Unaijua Kanuni ya Tisa."

Aliijua. Kituo kikithibitika kimeghushi, vipimo vyake vyote vinafutwa, vya barafu na vya hewa, kwa sababu mtambo hauna muda wa kuchambua nani mkweli na nani mwongo chini ya paa moja. Maputo yake elfu mbili na zaidi, kila siku mawili, hata siku alipopata habari za msiba wa mama yake, yote yangefutwa pamoja na uchafu wangu. Na yangefutwa siku hiyohiyo, wakati dhoruba iko njiani na hakuna puto jingine katika eneo lote lile.

Nilisubiri aniambie nisiseme. Nasema kweli, nilimtazama usoni nikisubiri anipe ruhusa.

Aliinuka akachukua kitambaa, akaanza kufuta maji niliyoyamwaga sakafuni.

"Saa kumi kuna baraza la dharura kwa ajili ya dhoruba," akasema. "Nenda kanawe uso."

*

Nilisema saa kumi na dakika tatu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, maneno mazuri yenye *kwa masikitiko* na *kutokana na mazingira*. Nilipofungua mdomo niliyaona yalivyo, pasi nyingine. Nikaiacha karatasi.

"Kituo cha Saba hapa. Namba zangu za barafu ni za uongo. Nimekuwa nikiziongeza miaka mitatu ili zifanane na kisio. Barafu mbele ya kituo leo ni sentimita tisini na nne. Nahodha, usiingie humu. Mawimbi yataivunja nawe ukiwa ndani."

Redio ikakwaruza.

"Saba, sijakupata vizuri," akasema Dakta Mlay. "Rudia."

Nikarudia. Kusema mara ya kwanza kuna ujasiri wake. Mara ya pili hakuna kitu, ni aibu tupu. Vituo vingine kumi na nane vilikuwa vimewasha redio. Kisha sauti ya mwanamume nisiyemjua vizuri, wa Kituo cha Pili, ikasema haraka haraka, "Nahodha, na zangu usizitegemee," halafu ikakata. Sikupata faraja yoyote. Nilifikiria tu ni wangapi wamekaa kimya.

Dakta Mlay alipozungumza tena hakuniita ndugu yake. Alisema Kanuni ya Tisa imetumika, Kituo cha Saba kimefutwa kuanzia dakika hiyo, Mkeka unahesabu upya bila sisi. Tukasubiri dakika kumi na moja. Jibu likaja: bila sisi Mkeka ulirudia wastani wa miaka ya zamani, barafu nene, upepo themanini na tano.

"Dakta, ninalo daftari," nikasema. "Kila siku niliandika kipimo cha kweli kwa penseli kabla ya kukibadilisha. Miaka yote mitatu. Naweza kukutumia sasa hivi."

Nilikuwa nimelitunza daftari hilo chini ya godoro. Kwa muda wote ule nilijiona mtu mwenye uaminifu fulani kwa sababu ya daftari hilo.

"Limeshuhudiwa na nani?" akauliza.

Nilimgeukia Mwanamvua. Ilitosha aseme neno moja tu. Aliisogelea redio.

"Sikuwahi kumkagua, Dakta," akasema. "Nilimwamini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeweza kuinamisha kichwa nikapigwa na kuinuka. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Hapo nahodha akaingia. "Bi Mwanamvua, mimi muda sina. Mbele yangu kuna njia mbili. Nikibaki hapa nipambane na themanini na tano, naweza. Nikikimbilia mashariki usiku kucha, mafuta yatanibana, nitafika matangi yakiwa makavu, na kwa dhoruba ya themanini na tano huo ni upumbavu. Lakini kama ni kubwa, mashariki ndiko pekee. Wewe una nini mkononi?"

"Nina maputo, nahodha. Ila yamefutwa."

"Yamefutwa na Mkeka. Mimi sijayafuta. Nisomee."

Akamsomea. Maputo kumi na manne ya wiki ile, urefu kwa urefu, unyevu na joto, kwa sauti moja bila kutetereka. Alipofika mwisho akasema, "Mvuke wa kiasi hiki hauwezi kupita kwenye barafu inayozidi mita moja. Nilidhani kihisi changu ni kibovu, nikawaomba radhi Tanga. Nafuta radhi hizo. Kimbia, baba."

"Nageuza," akasema nahodha.

*

Dhoruba ilipita kesho yake mchana. Kipimo cha upepo juu ya paa letu kilisoma mia na thelathini na saba, kisha kikang'oka. Mbele ya kituo, mahali ambapo *Shakwe* ingekuwa imejificha, barafu yangu nene ya mita moja na sabini ilivunjika vipande vya ukubwa wa meza, vikawa vinasagana kwa saa sita. Nilisimama dirishani nikatazama mpaka mwisho. Niliona nastahili kutazama.

Meli ilikuwa nje ya njia yake kwa kilomita tisini, matangi yamebakiza matone. Nahodha alituma ujumbe mfupi: watu wote wazima, mkono wa mpishi umevunjika, shukrani kwa Bi Mwanamvua. Jina langu halikuwemo, na nilikuwa sawa na hilo. Tanga waliandika wakisema wameyaona maputo, wanasikitika, lakini kanuni haina mlango. Mwanamvua aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja, akaenda kupika. Mle ndani tulisemezana yale ya lazima tu: chumvi, jenereta, mlango. Mara moja nilijaribu kuomba msamaha na alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimekusikia."

Siku ya kumi na sita, bahari ilipoganda tena vya kutosha, *Shakwe* ilikuja kunichukua kwa amri ya Tanga. Ilisimama mbali, mahali penye maji, wakashusha mabaharia wawili waje kwa miguu. Mimi nilishuka na begi langu kuwapokea. Nilikuwa nimetoboa matundu tangu alfajiri, njia nzima, bila kutumwa na mtu.

Aliyetangulia alikuwa mtu mzima wa makamo, ndevu zimeshika barafu, keekee begani. Aliposimama hatua thelathini kutoka kwangu nilimpigia kelele kwamba hapo alipo ni sentimita arobaini na moja, pako salama, njia yote haishuki chini ya thelathini na nane.

"Asante sana, mzee," akasema kwa adabu, akagusa kofia.

Kisha akapiga goti, akaiweka keekee barafuni, akaanza kutoboa.

Nilisimama na begi langu nikimngoja. Alitumbukiza tepu, akavuta, akasoma. Ilikuwa arobaini na moja. Akaitumbukiza tena, akasoma tena, akamtajia mwenzake namba hiyo bila kunitazama. Wakasogea hatua tano, akatoboa tundu jingine.